Siku Hilda Alipoitundika Ngoma

Kwetu Makutupora, mtu akisimuliwa jambo asiloliamini husema, "Hilo la Bartolomayo hilo." Sikasiriki. Ukikaa miaka na miaka ndani ya nyumba ya pampu, wewe na injini inayovuta maji ardhini kuyapeleka mjini Dodoma, bila wa kuongea naye isipokuwa hiyo injini, usipotunga utapata wazimu. Mimi nilitunga. Nikastaafu na mafao kiduchu na gunia zima la hadithi. Majirani walinisikiliza mpaka wakachoka, na walichoka mapema.

Kisha mwanangu Abeli na mkewe Ruthu wakapata mtoto wa kike. Tukamwita Nyemo, ambalo kwa Kigogo ni furaha. Ilikuwa miaka ile ambayo kila mtu aliruhusiwa kuuza kila kitu, na kila mtu alikuwa anauza. Wanunuzi wetu wa zamani wa zabibu hawakuonekana tena. Waliokuja walikuwa wapya, wenye pikapu na midomo mitamu, leo wapo kesho hawapo. Abeli akaiacha mizabibu akaenda Kibaigwa kupakia mahindi kwenye malori, nyumbani akawa anakuja mara moja moja. Mtoto akabaki mikononi mwa wanawake wawili na mwongo mmoja.

Nyemo alipoanza kutembea, nikajua nimepata msikilizaji wangu. Nilimsimulia ile hadithi yangu kubwa, ya punda wa upepo. Unaujua upepo wa kwetu mwezi wa nane. Basi siku moja nilikuwa nimempakia punda wangu madebe ya maji, upepo ukamzoa yeye na madebe yake, akapaa juu ya kanisa, akawamwagia maji waliokuwa ndani wakiomba mvua, nao wakaimba haleluya, yeye huyooo, mpaka Kibaigwa. Akaangukia katikati ya madalali. Kabla vumbi halijatua walikuwa wamekwisha kumuuza kama farasi.

Nyemo alicheka mpaka akakaa chini. Nikisema "huyooo" anacheka, nikilia kama punda anacheka, anataka tena. Nikasema moyoni, hatimaye mtu mwenye akili amezaliwa katika ukoo huu.

Siku moja ya jua kali nilikuwa nimejilaza kwenye mkeka uani, kofia nimeifunika usoni, Nyemo yuko kando yangu anachezea mbegu za maboga. Nikaanza kumsimulia punda nikiwa vilevile, ndani ya kofia. Nikafika kwenye kanisa. Kimya. Nikafika kwenye madalali. Kimya. Nikalia kama punda, na mimi nikilia kama punda, punda wa jirani hujibu. Punda akajibu. Nyemo hakujibu.

Nikaondoa kofia. Alikuwa anapanga mbegu zake. Nilipomgusa akainua uso, nami nikafungua mdomo nikalia kama punda bila kutoa sauti yoyote, mdomo tu. Akaangua kicheko mpaka mbegu zikamtoka mkononi.

Mtoto alikuwa anaucheka mdomo wangu. Hadithi hakuwahi kuisikia hata moja.

Nilikaa pale na kofia mkononi kama mtu aliyefika msibani akakuta ni kwake. Ruthu alikuwa jikoni anasonga. Kwa desturi yetu mkwe hamkazii macho baba mkwe, basi tukaongea yeye akitazama ugali na mimi nikitazama mlango.

"Mama Nyemo," nikamwambia, "huyu mtoto..."

"Najua, Baba."

"Unajua nini?"

"Nimeangusha sufuria nyuma yake mpaka zimepinda." Mwiko haukusimama. "Angalia hiyo ya uji. Hata mfuniko haukai tena."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimsemee nani? Mama nilimwambia. Akaniuliza kama ninamtakia mwanangu mabaya."

Mama ni Hilda, mke wangu. Sasa lazima nikueleze Hilda, na hapa siongezi chumvi kwa sababu akisikia nimeongeza nitalala nje. Hilda ndiye kiongozi wa muheme, ngoma ya wanawake wa kwetu. Mwanamke huibana ngoma kati ya mapaja, akaipiga kwa mikono miwili, huku akiimba na kuwatupia macho wenzake ili wajue wapi pa kugeuzia. Hilda akipiga, vikombe hutembea mezani. Nyemo alikulia katika ngoma ile. Akiwa mchanga alifungwa mgongoni kwa bibi yake anayepiga. Alipojua kusimama alisimama kando ya ngoma, na ikianza tu, miguu yake nayo inaanza, mabega yanakwenda palepale yanapotakiwa kwenda, watu wanapiga vigelegele. Hilda hakuwa na binti. Alikwisha kuwatangazia wanawake wote kwamba ngoma yake itakwenda kwa Nyemo, na angekwenda kaburini kwa amani.

Kwa hiyo tulipomkabili jioni ile, alitutazama kama watu waliokunywa.

"Kiziwi? Mtoto anayecheza ngoma vile ni kiziwi?"

"Mama, nikimwita hageuki," alisema Ruthu.

"Hata Baba Abeli nikimwita hageuki. Tumpeleke naye hospitali?"

"Mimi masikio yangu yaliliwa na injini," nikasema.

"Yako yanachagua. Likitajwa pombe yanapona." Akamnyanyua Nyemo, akamweka pajani, akagonga kidogo ubavu wa ngoma iliyokuwa chini pale. Nyemo akatingisha mabega. "Haya, huyo hapo. Kiziwi wenu."

Kweli mtoto alicheza. Ungekuwepo, nawe ungeamini.

Jumapili moja ikatangazwa kanisani kwamba wapimaji wa masikio ya watoto wamefika mjini. Watakaa hadi Jumamosi, katika chumba nyuma ya kanisa la huko, na mwenye mtoto anayemtilia shaka ampeleke. Ruthu alitutangulia njia nzima ya kurudi nyumbani. Alipofika akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake, katikati ya uwanja, majirani wakiona.

"Inuka," Hilda akasema. "Unanitia aibu. Tutakwenda. Lakini nitampakata mimi. Nataka wanipe majibu mbele yako, ili uiache hiyo habari na sufuria zangu zipumzike."

Tulipanda pikapu ya mnunuzi wa zabibu, juu ya makreti, tukafika mjini tumepakaa maji ya zabibu kama watu waliotoka kuchinja. Mpimaji alikuwa mwanamke kijana, Shamila, aliyejitanda mtandio mweupe, mzaliwa wa mjini palepale. Msaidizi wake aliitwa Thobias, mrefu kama nguzo ya simu.

"Shikamoo babu, shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu," Hilda akasema. "Sisi hatukai sana. Mtoto mzima, tumekuja kuwatoa wasiwasi wazazi."

"Sawa bibi. Hata mimi napenda nikikuta mzima."

Upimaji wenyewe ulikuwa mwepesi kutazama. Mtoto anapakatwa, uso mbele. Thobias anapiga magoti mbele yake, anamwonyesha kikaragosi cha kitambaa, kisha anakificha ghafla ili mtoto abaki hana cha kutazama. Hapo hapo Shamila, aliye nyuma, kando, mahali ambapo mtoto hawezi kumwona, anatikisa kayamba kadogo karibu na sikio. Anayesikia hugeuka. Alituonya tusiseme, tusimwangalie yeye, kivuli chake kisimpite mtoto mbele. Hata marashi alisema hapaki siku za kazi, mtoto asije akageukia harufu.

Thobias akaficha kikaragosi. Kayamba kakalia kushoto, chwa. Nyemo akageuka.

Kakalia kulia. Akageuka.

Hilda alivimba kama mkate. Ruthu alikuwa amesimama ukutani, na uso wake sijui niuelezeje: mtu anayefurahi na asiyeamini kwa wakati mmoja. Mimi nilishasimama nitafute kofia yangu.

Shamila hakufurahi wala hakukasirika. Alipiga tena, akatazama tena, akamwita Thobias pembeni. Mimi sikusikia walichosema, lakini niliona Thobias anatazama magoti ya mke wangu, nami nikaanza kuyatazama, kwa haki niliyo nayo. Kayamba kakalia. Na nikaona: kitenge cha Hilda pale pajani kilisogea. Kidogo tu, kama ngozi ya ng'ombe inavyotikisika akitua inzi. Kila chwa, paja linajibu. Hilda alikuwa ameibana ngoma katikati ya mapaja umri wake wote. Sauti ikiingia masikioni mwake haiishii kichwani, inashuka. Naye mwenyewe hakuwa na habari. Na Nyemo, kabla hajageuka, kwanza alimtazama bibi yake usoni, kuuliza kuna nini, ndipo akatafuta huku na huku.

"Bibi," Shamila akasema kwa upole, "wewe unapiga ngoma?"

Hilda akacheka kwa fahari. "Umesikia sifa zangu mpaka huku mjini?"

"Nimeziona. Naomba kitu kimoja, usinichukie. Naomba nikuzibe masikio wewe, mtoto abaki vilevile alivyo."

"Mimi?"

"Wewe tu."

Alimtia pamba, na juu ya pamba akamvisha vikombe viwili vizito vya kuziba masikio, aina ile ambayo mimi nilipaswa kupewa kwenye nyumba ya pampu nikapewa koti. Hilda akakaa wima, Nyemo pajani, akisubiri kama mtu anayepigwa picha.

Thobias akaonyesha kikaragosi, akakificha. Kayamba kakalia. Nyemo alitazama mikono mitupu ya Thobias.

Kakalia upande wa pili. Nyemo akaanza kuvuta kishikizo cha nguo yake.

Shamila akavuma mdomoni, sauti nzito. Akatoa nyingine nyembamba, kama nyoka. Akasogea zaidi. Akaacha kayamba, akachukua kengele, kubwa, hata mimi nikaisikia kwa masikio yangu haya mabovu. Ndipo Nyemo akainua kichwa kidogo, kama aliyeguswa na unyoya, kisha akarudi kwenye kishikizo chake.

Ruthu alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili.

Na Hilda, pale kitini, kwa sauti ile ya mtu asiyejisikia, akapayuka: "Haya anzeni basi! Mbona hamuanzi?"

Alitutazama mmoja mmoja, akaona tunavyomtazama, akaona kengele mkononi mwa Shamila. Akavivua vile vikombe taratibu.

"Mlishaanza," akasema.

"Tulishamaliza, bibi," Shamila akasema.

Shamila alikaa chini sakafuni ili awe chini yetu anaposema, na hilo nalikumbuka. Alisema mtoto si kwamba hana kabisa. Kuna kidogo kilichobaki, na kidogo hicho kinaweza kukuzwa kwa chombo anachovaa, shimesikio. Alisema umri huu ndio maneno yanaingia, na mtoto anayekaa kimya sasa atakuja kuyatafuta kwa taabu sana baadaye. Vyombo walivyo navyo ni vichache. Hapewi mtoto ambaye watu wanaokaa naye hawajakubali wote, kwa sababu kikitundikwa ukutani hakisaidii mtu.

"Jumamosi tunaondoka," akasema. "Safari nyingine sijui lini. Mkikubali, njooni kabla."

Ruthu alifungua mdomo, lakini Hilda alikwisha kusimama.

"Mmenizibia masikio mimi, halafu mnasema kiziwi ni mtoto. Huyu anacheza ngoma yangu. Ngoma yangu! Nyie mna kayamba kama choo cha mbuzi." Akamfunga Nyemo mgongoni. "Tukutane mbinguni."

Siku zile zilizofuata nyumba yetu ilikuwa na watu wanne na hakuna anayesema, utadhani wote tumekuwa kama Nyemo. Abeli alikuwa Kibaigwa, na hata angekuwepo asingempinga mama yake. Ruthu alipika, akafua, akapogoa mizabibu, macho mekundu. Mimi nilijaribu njia yangu. Nikamwambia Hilda kwamba kule kwenye pampu niliwahi kumjua bwana mmoja aliyevaa shimesikio akawa anasikia maji yanavyosengenyana chini ya ardhi, na ndiye aliyekuwa akituonyesha pa kuchimba visima.

"Mzee," akaniambia, "leo hata uongo wako umekonda."

Ijumaa asubuhi nilikuwa nyuma ya mizabibu, najifanya nakaza nyaya. Nikamwona Hilda anatoka na ngoma yake kichwani. Akaiweka chini uani. Nyemo alikuwa amekaa kwenye udongo, mgongo kwake, na mbegu zake za maboga. Hilda akaibana ngoma, akapiga. Nyemo akaanza kutingisha mabega hapohapo, bila kugeuka, mbegu mkononi. Hilda akatikisa kichwa kama anayesema, si nilisema?

Lakini hakuondoka. Aliitazama ngoma. Akautazama udongo. Akamtazama mtoto pale alipokaa.

Akaingia ndani, akatoka na kamba ya mbuzi. Akakifunga kiuno cha ngoma, akaitundika kwenye ile nguzo ya mizabibu iliyopinda, ikaning'inia hewani, haigusi kitu. Akasogea mbali kidogo na mtoto. Akainua mkono. Ukakaa juu muda. Mimi nilishaelewa, nikashika waya mpaka ukanikata.

Akapiga.

Nyemo alikuwa anapanga mbegu.

Akapiga wimbo wote wa kuingilia, ule ambao watu wa vitongoji vya mbali huusikia wakavaa nguo. Ngoma ikawa inazunguka kwenye kamba, naye anaifuata, anapiga huku anazunguka nayo. Akapiga kwa nguvu zote alizo nazo na zile alizokuwa ameziweka akiba. Jirani yetu Silvano alitoka mbio na suruali mkononi akiuliza nani amekufa. Mbuzi walikimbia. Nyemo alichukua mbegu moja, akaiangalia juani, akaiweka pamoja na nyingine.

Hilda akaacha. Akaikata kamba, ngoma ikaanguka udongoni, du, na papo hapo mtoto akageuka, akamwona bibi yake, akanyoosha mikono.

Silvano nilimfukuza kwa macho. Nilipofika pale, Hilda alikuwa amekaa chini, Nyemo kifuani.

"Miguuni," akasema. "Baba Abeli, huyu mtoto ananisikia miguuni. Na makalioni. Na mgongoni pangu alipokuwa mdogo. Sauti yangu haijui." Akamkaza kifuani. "Nimemwimbia tangu anazaliwa. Haijui sauti yangu."

Nilitaka kusema jambo la kuchekesha. Sikulipata. Ungeandika siku hiyo kwenye ukuta, Bartolomayo kakosa neno.

"Mama Nyemo yuko wapi?" akauliza.

"Mtoni, anafua."

"Kamwite aache. Nguo zitafuliwa tu."

Tulifika mjini jioni ile, na safari hii hatukupata pikapu, tulipanda trekta la mchanga. Shamila na Thobias walikuwa wanafunga masanduku. Hilda aliingia bila hodi.

"Mbukwenyi," akawasalimia kwa Kigogo, kama tunavyowasalimia watu wa nyumbani. "Nimekuja na masikio wazi. Fungueni hayo masanduku."

Wakamtia Nyemo ute wa rangi masikioni upate kuganda kwa umbo la sikio lake. Alipiga mateke, Ruthu akamshika. Vipande vya kuvaa sikioni vilitengenezwa huko walikotoka. Thobias akavileta mvua za kwanza zilipoanza, na Shamila akarudi pamoja naye, tukaitwa tena kwenye chumba kilekile.

Shimesikio la siku zile halikuwa dude dogo la kujificha nyuma ya sikio. Lilikuwa kisanduku cha kukaa kifuani, na nyaya mbili zinazopanda masikioni. Hilda alishakishonea kimfuko cha kitenge, kile kitenge chake cha ngoma, akakata pindo bila kusita. Shamila alimvisha mtoto, akaweka sauti chini kabisa, kisha akazungusha kidogo kidogo.

"Bibi, mwite."

Hilda akavuta pumzi ya kuita watu wa Chimwaga, kule nje ya mji.

"Hapana! Sauti ya kawaida. Kaa karibu naye. Kama unamwambia siri."

Taabu ni kwamba Hilda hakuwa na sauti ya kawaida. Alikuwa na ya ngoma na ya kunigombeza. Alilamba midomo, akainama nyuma ya mtoto, akatafuta, na sauti aliyoipata sikuwahi kuisikia katika ndoa yetu yote, ndogo, yenye kutetemeka.

"Nyemo," akasema. "Nyemo wa bibi."

Mtoto akaganda, kama mtu aliyesikia harufu ya mvua. Hakugeuka. Alishusha macho polepole akaitazama miguu yake. Akainua mmoja, akatazama chini yake. Akainua wa pili. Alikuwa anaitafuta sauti mahali ambapo sauti zote zilikuwa zikimjia tangu azaliwe.

"Siko huko, mama," Hilda akasema, machozi yanamtiririka. "Bibi yuko huku juu."

Ndipo Nyemo akageuka.

Utadhani mambo yaliisha hapo. Wapi! Hapo ndipo kazi ilipoanza, na mtu akikwambia kile chombo kinafungua masikio kama mfuniko wa chupa, huyo ni mwongo kuliko mimi. Siku ya kwanza nyumbani aliking'oa kila tulipomvisha. Jogoo alimtia kiwewe. Hakuwa amejua kwamba yule ndege ana kelele. Wiki iliyofuata mbuzi alikula waya mmoja, tukamngoja Thobias atuletee mwingine. Shamila alitupa masharti: redio izimwe mtoto akiongeleshwa, aongee mmoja mmoja, tumsogelee, tusipige kelele, na kila sauti inayolia tumwonyeshe inatoka wapi na tuitaje jina. Kuongea mmoja mmoja, katika nyumba ya Hilda! Lakini yeye ndiye aliyekuwa askari wa sheria hiyo. Silvano akija anabwata tangu njiani, anazibwa mdomo kwa mkono mlangoni.

"Ingia kama mtu. Mtoto anajifunza."

Na ukipita uani ungemsikia, yeye na mjukuu, wanazunguka kama wakaguzi. "Sikia. Mlango. Mlango umelia. Sikia. Mlenda unachemka, tokota tokota. Sikia. Huyo babu yako anakoroma, usijifunze." Ruthu anashika upande wake, Hilda wake, na zile sufuria zilizopinda ndizo zilizotumika kufundishia, maana zilikuwa na sauti nzuri.

Watu kijijini walisema mtoto wa Abeli kanunuliwa redio ya kifuani. Wakaja kuuliza anapata habari gani. Mimi nikawaambia anashika Kibaigwa moja kwa moja, anasikia madalali wanavyonong'onezana bei kabla hawajatuletea ya uongo. Habari hiyo ilitembea vizuri. Mnunuzi mmoja wa zabibu alikuja kupatana na mimi uani, akamwona Nyemo na kisanduku chake, akashusha sauti, kisha akapandisha bei. Hilo si la Bartolomayo. Hilo waulize wengine.

Maneno yalichelewa. Ruthu alikuwa akihesabu watoto wa rika la Nyemo wanaoropoka. La kwanza lilikuwa "bi," na lilikuwa la Hilda, haki yake. Halafu "ma." Mimi langu nililingoja sana. Herufi nyingine mpaka leo zinamponyoka, na wageni humuomba arudie. Anarudia, hana aibu. Alipotimiza umri wa shule, tukazungumza na mwalimu, akamkalisha mbele, mbali na dirisha la barabarani.

Na ngoma anapiga. Akiipiga huvua viatu. Anasema ya masikioni ni nyembamba, ya miguuni ni nene, na anazitaka zote mbili. Hilda hupiga naye wakiwa wametazamana, naye kajifunza kupiga taratibu, jambo ambalo wanawake wa muheme wanalisimulia kama mimi ninavyosimulia punda.

Nirudi kwa punda. Mwaka jana, mwezi wa nane, upepo unavuma, nilijilaza uani kwenye mkeka. Jua lilikuwa kali. Nyemo alikuwa kando yangu, anachambua mchicha wa mama yake. Nikavuta kofia mpaka kidevuni, moyo unanidunda kama kijana anayeposa, nikaanza. Nikampakia punda madebe. Nikamrusha juu ya kanisa. Nikawamwagia maji waumini. Nikasema huyooo, mpaka Chimwaga, akaangukia...

"Babu."

Punda akakwama hewani.

"Juzi ulisema Kibaigwa."

Sikuondoa kofia. Kuna mambo mzee hapendi yaonekane usoni. Jikoni nikasikia Ruthu ameacha kusonga, na Hilda anacheka kile kicheko chake cha kutembeza vikombe.

"Umekamatwa, mzee!" akapiga kelele. "Umepatikana leo!"

"Alishukia Chimwaga kwanza," nikasema, "akapumzika, ndipo akaendelea Kibaigwa."

Nyemo alifikiri. Nikasikia upepo, nikasikia anavunja shina la mchicha.

"Mwongo," akasema. "Haya, endelea."